Gereji chini, makazi juu, spea pembeni: eneo lipi la matumizi ya ardhi Japani linaruhusu?

Kitalu_B

Wakuu, habari za kazi.

Tunaandaa kampuni ndogo ya kununua magari yaliyotumika na spea hapa Japani na kuyapeleka Dar na Mombasa. Tunahitaji ofisi ya watu watatu, nafasi ya kuegesha magari 15 hadi 20 yanayosubiri meli, sehemu ya kushusha injini na giaboksi, na chumba cha kuishi hapohapo ili tusilipe kodi mara mbili. Dalali ametuonyesha sehemu tatu, zote mkoa wa Chiba, na zote anasema hazina tatizo:

A. Nyumba ya ghorofa moja yenye gereji chini. Kiwanja mita za mraba 180, barabara ya mita 4. Karatasi inasema dai-nishu jukyo chiiki (eneo la makazi la aina ya pili), 60/200.

B. Shamba la zamani lililomwagwa kokoto, mita za mraba 900, liko shigaika chosei kuiki (eneo la kuzuia mji usienee). Kodi yake ni ndogo kuliko zote. Ushauri wa dalali ni tuweke kontena mbili, moja iwe ofisi na nyingine stoo.

C. Karakana ya zamani ya useremala, jengo la mita za mraba 140 kwenye kiwanja cha 320. Mita 190 za kiwanja ziko jun-kogyo (eneo la viwanda vyepesi), 130 ziko dai-isshu jukyo (makazi ya aina ya kwanza). Kote ni 60/200. Barabara wanasema ni ya mita 4.

Ni ipi inaturuhusu kufanya yote manne? Na hizo 60/200 zinasomwaje?

---

Ramani_Nne

Kitalu_B, usiulize "kampuni ya magari inaruhusiwa wapi". Sheria ya Japani haina neno hilo. Igawe kazi yako vipande: ofisi, duka, maegesho, matengenezo ya gari, kuchinja magari (kuyavunja kabisa), kuishi, kuhifadhi mafuta. Kila kipande kina jibu lake kwa kila eneo, na mara nyingi jibu ni idadi ya mita za mraba.

Maeneo ya matumizi, yoto chiiki, yako 13. Yalikuwa 12 kuanzia marekebisho ya 1992, na la 13, la makazi yenye mashamba, likaongezwa 2018. Yamepangwa kama ngazi. Chini kabisa ni makazi ya nyumba fupi, ambako jengo haliruhusiwi kuzidi mita 10 au 12. Kila ukipanda ngazi, mambo mengi zaidi yanaruhusiwa, na mengi ya yale ya chini hayaondolewi. Ndiyo maana nyumba ya kuishi inaruhusiwa karibu kila mahali, hata eneo la viwanda la kogyo. Inakatazwa sehemu moja tu: kogyo senyo, eneo la viwanda pekee. Huko ofisi inaruhusiwa, lakini kuishi hapana, na hata duka la kuuza bidhaa hapana. Mtu akikupa ghala la bei nzuri kogyo senyo, ujue chumba chako cha juu kimekufa.

Kwa gereji ya kutengeneza magari, kinachopimwa ni sakafu ya sehemu ya kazi, si jengo zima:

- Makazi ya nyumba fupi na ya nyumba za kati (teiso na chukoso, ya kwanza na ya pili): hairuhusiwi.
- Dai-isshu jukyo na dai-nishu jukyo: mwisho mita za mraba 50.
- Jun-jukyo, yale makazi ya kandokando ya barabara kubwa: mwisho 150.
- Kinrin shogyo na shogyo, maeneo ya biashara: mwisho 300.
- Jun-kogyo, kogyo na kogyo senyo: hakuna kikomo cha namna hiyo.

Watu wengi hukosea hapo kwenye biashara. Wanaona shogyo, kodi kubwa, wanadhani basi kila kazi inakubalika. Karakana nyingine zinazotumia mota kwa kawaida huishia mita 150 kwenye shogyo. Eneo la biashara limewekwa kwa ajili ya maduka na maofisi. Kazi ya mikono na mashine mahali pake ni jun-kogyo.

Sasa sehemu yako A. Ofisi: ndiyo. Duka la spea: ndiyo. Kuishi: ndiyo. Matengenezo: mita 50 tu, sawa na nafasi mbili za gari zenye pumzi kidogo, na usipulize rangi kwa kompresa, maana hiyo imo kwenye orodha ya shughuli zinazokatazwa huko hata kama sakafu ni ndogo. Banda la magari lililosimama peke yake lina kikomo cha mita 300 na lisizidi ngazi ya pili ya jengo. Kwenye kiwanja cha 180 hilo halikuhusu, lakini pia magari 20 hayaingii.

Hizo 60/200: 60 ni asilimia ya kiwanja inayoweza kufunikwa na jengo. 200 ni jumla ya sakafu zote ukilinganisha na kiwanja. Ila 200 ni dari tu. Barabara ikiwa chini ya mita 12, unazidisha upana wake kwa 0.4 kwenye maeneo ya makazi, na kwa 0.6 kwenye maeneo mengine, kisha unachukua namba ndogo kati ya hizo mbili. Sehemu A: 4 × 0.4 = 1.6, yaani 160%. Kwa hiyo ni 180 × 1.6 = mita za mraba 288, si 360 ambazo 200% ingetoa. Kwenye jun-kogyo, barabara hiyohiyo ingetoa 4 × 0.6 = 240%, kwa hiyo 200 yako ingebaki ilivyo.

Kuhusu kuchinja magari, naomba mlitenge kabisa na matengenezo. Kushusha injini ya gari litakalorudi barabarani ni jambo moja. Kuvunja gari lililofika mwisho wake ni kazi inayohitaji kibali cha gavana au cha meya wa jiji lenye mamlaka hiyo, chini ya sheria ya urejelezaji wa magari iliyoanza kutumika kikamilifu Januari 2005. Wanadai sakafu isiyopitisha mafuta, mtaro wenye kitenganishi cha mafuta na maji, na paa juu ya sehemu ya kazi. Kwa upande wa mipango miji, ofisi za majengo kwa kawaida huhesabu kazi hiyo kama kiwanda. Mita 50 za gereji hazikusaidii hapo.

---

Mpima_Shamba

Nijibu B, kwa sababu ndiyo inayoponza watu wengi wa magari.

Chosei kuiki si mojawapo ya yale maeneo 13. Sheria ya Mipango Miji ya 1968 iligawa ardhi ya miji pande mbili: upande wa kujengwa, na upande wa kuzuia ujenzi usienee. B iko upande wa pili. Msimamo wa kuanzia huko ni "usijenge", na ruhusa ni kipengele maalumu kinachopaswa kuthibitishwa. Bei yake ni ndogo kwa sababu hiyo.

Dalali wako anasema nusu ya ukweli. Maeneo ya matumizi husimamia majengo. Magari yakiegeshwa juu ya ardhi tupu, bila paa wala ukuta, hakuna jengo la kukaguliwa. Lakini kontena lililowekwa chini na kutumika muda wote kama stoo au ofisi linahesabiwa jengo, hata kama halina msingi. Kibanda cha chuma cha kupanga nacho ni jengo. Turubai lililotandazwa juu ya nguzo nalo ni jengo. Siku unapoweka kontena la kwanza, umejenga bila ruhusa kwenye eneo lililokatazwa, na amri itakayokuja ni ya kuondoa.

Pili, angalia chimoku, yaani aina ya ardhi, kwenye daftari la ardhi. Ikisomeka ta (shamba la mpunga) au hatake (shamba kavu), hilo ni shamba kisheria. Kumwaga kokoto hakulibadilishi. Kamati ya kilimo ya mji hutazama hali halisi pia, kwa hiyo hata daftari likisema zasshuchi, ardhi ya matumizi mengineyo, usilale. Kupangisha au kununua shamba ili kulitumia kwa kazi nyingine kunahitaji kibali cha kifungu cha 5 cha Sheria ya Mashamba. Adhabu ya kufanya bila kibali ni kifungo hadi miaka 3 au faini hadi yeni milioni 3, na kwa kampuni faini inafika yeni milioni 100. Shamba lingekuwa upande wa kujengwa, ingetosha kutoa taarifa kwa kamati. Upande wa chosei ni kibali. Na likiwa ndani ya eneo la buluu la kilimo, wenyeji huliita aochi, lazima kwanza liondolewe kwenye mpango wa kilimo. Hiyo ni safari ya miezi mingi na mara nyingi jibu ni hapana.

Muulizeni mwenye shamba maswali mawili tu, na ajibu kwa karatasi: kibali cha kubadili matumizi kiko wapi? Na kokoto zilimwagwa lini, kwa idhini ya nani? Kama hana karatasi, aliyekodi ndiye atakayekutwa na magari pale.

Tatu, Chiba ina kanuni yake ya mkoa kuhusu yadi za spea za magari, inatumika tangu Aprili 2015. Ukihifadhi injini na spea nyingine zilizotajwa ndani ya yadi iliyozungushiwa uzio, unapaswa kutoa taarifa kabla ya kuanza, na maafisa wana haki ya kuingia kukagua. Ule uzio mrefu wa mabati ambao kila mtu hukimbilia kuuweka ndio unaolifanya eneo lako liitwe yadi.

---

Kitalu_B

Ndugu zangu, asanteni sana. B naona tuiweke kando, ila niulize kitu kimoja: ofisi ikiwa kwenye trela yenye magurudumu, bado ni jengo?

Na C ikoje? Imekatwa na maeneo mawili, dalali anasema kila upande unafuata sheria yake, kwa hiyo gereji iwe upande wa mita 190 tu.

---

Mpima_Shamba

Trela huhesabiwa gari pale tu inapoweza kuondoka wakati wowote: njia ya kutokea ipo na haijazibwa, maji na umeme vinachomolewa kwa mkono bila vifaa, na trela yenyewe ina uhalali wa kupita barabarani. Ukiifunga bomba la maji taka, ukaiwekea ngazi ya zege, au ukaziba mbele yake kwa magari, inageuka jengo. Kwa ofisi inayofanya kazi kila siku, kuyatunza masharti hayo kwa miaka ni shida.

---

Dada_Mizani

Kitalu_B, dalali amekosea kuhusu C, na kosa lenyewe ni kwa faida yenu.

Kiwanja kikiangukia maeneo mawili, matumizi hayagawanywi. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Viwango vya Majengo kinasema kiwanja chote kinafuata eneo lenye zaidi ya nusu. 190 kati ya 320 ni karibu 59%, basi kiwanja chote ni jun-kogyo kwa upande wa matumizi, hata ile kona iliyo kwenye rangi ya makazi. Gereji yaweza kukaa popote.

Kinachogawanywa ni hesabu ya sakafu. Upande wa jun-kogyo: 190 × 2.0 = 380. Upande wa makazi, kwa barabara ya mita 4: 130 × 1.6 = 208. Jumla mita za mraba 588. Kufunika ardhi: 320 × 0.6 = 192. Jengo la sasa la 140 liko salama.

Lakini shikeni mambo haya kabla ya kufurahi.

Kinachohesabiwa ni kiwanja kinachotumiwa na jengo, si idadi ya vipande kwenye daftari. Mwenye nyumba akisema "nitawapangisha bila ile kona ya mbele", na kona hiyo ikawa upande wa jun-kogyo, mizani inahama. Akibakiza mita 70, mnabaki na 120 dhidi ya 130, na kiwanja chote kinageuka makazi yenye kikomo cha mita 50. Mpaka uchorwe kwenye mkataba kwa vipimo.

Barabara "inasemekana" mita 4. Nendeni na futi kamba. Ikiwa ni ya 3.2, nayo imeandikishwa chini ya kifungu cha 42 aya ya 2, kila upande unatakiwa kurudi hadi mita 2 kutoka katikati ya barabara. Hiyo ni sentimita 40 kwenu. Uso wa kiwanja ukiwa mita 14, mnapoteza mita za mraba 5.6, na hizo hazihesabiwi tena kwenye sakafu wala kwenye mizani ya nusu. Pia kiwanja lazima kigusane na barabara kwa mita 2 au zaidi. Idara ya barabara ya mji inakuonyesha daftari la upana, na idara ya majengo inakuambia ni barabara ya aina gani. Waulizeni wote wawili, kwa sababu barabara ya mji si lazima iwe barabara inayotambuliwa kwa ujenzi.

Jengo lenyewe. Kutoka useremala kwenda gereji ya magari ni kubadilisha matumizi, na gereji imo kwenye kundi la majengo maalumu. Tangu Juni 2019, mabadiliko ya namna hiyo yasiyozidi mita 200 hayahitaji maombi ya uthibitisho wa ujenzi. Lenu ni 140, kwa hiyo hakuna fomu ya kupeleka. Watu wengi husikia hapo kwamba hakuna sheria. Sheria zote zinabaki palepale. Kilichoondolewa ni ukaguzi wa mwanzo tu. Mkikosea, mtagundua wakati jirani amelalamika na vifaa vimeshafungwa.

Halafu kuna namba 150. Gereji ikifika mita za mraba 150, jengo linatakiwa kuwa la daraja la kustahimili moto, na karakana ya mbao ya zamani haifikii daraja hilo bila gharama kubwa. Mko 140. Ule mtindo wa kuning'iniza kibaraza cha mabati pembeni ili mpate nafasi ya lifti moja zaidi ya kuinulia gari ndio utakaowavusha hiyo 150. Kuongeza hadi mita 10 hakuhitaji uthibitisho kwenye maeneo ya kawaida, lakini kiwanja kikiwa ndani ya eneo la kuzuia moto, boka chiiki au jun-boka, hata mita 1 inahitaji.

Ombeni hati ya ukaguzi wa mwisho ya jengo, kensazumi-sho. Majengo mengi ya zamani hayana. Ikikosekana, idara ya majengo hutoa cheti cha yaliyoandikwa kwenye daftari lao, chenye tarehe ya uthibitisho. Tarehe ikiwa kabla ya 1 Juni 1981, jengo ni la viwango vya zamani vya tetemeko la ardhi. Kwa mahali mtakapolala juu ya magari na mashine, hilo naliona zito kuliko kodi.

Kulala juu kwenye jun-kogyo kunaruhusiwa, hilo msiwe na wasiwasi nalo.

---

Ramani_Nne

Namuunga mkono Dada_Mizani, naongeza machache kuhusu C.

Rangi ya ramani haitoshi. Juu yake kunaweza kuwa na chiku keikaku, mpango wa mtaa, au tokubetsu yoto chiku, eneo maalumu la matumizi, ambavyo vinaweza kukataza kitu ambacho jun-kogyo inaruhusu. Mtaa uliojaa nyumba mpya ndani ya jun-kogyo ndiko hutokea sana. Dirishani kwa toshi keikaku-ka, idara ya mipango miji, ulizeni hilo kwa jina.

Mafuta: kiwango cha kisheria cha petroli ni lita 200, dizeli lita 1,000. Kuanzia moja ya tano yake, yaani petroli lita 40 na dizeli lita 200, kanuni za zimamoto za mji zinataka taarifa. Ukinyonya matangi ya magari 20 kabla ya kuyapakia, unapita lita 40 asubuhi moja. Kompresa ya kilowati 7.5 au zaidi inatolewa taarifa siku 30 kabla ya kufungwa, chini ya sheria ya kelele, mahali palipotangazwa kuwa chini ya sheria hiyo.

Na msipange kupakia kontena la futi 40 hapo. Gari la kawaida barabarani Japani lina kikomo cha urefu wa mita 12 na kimo cha mita 3.8. Trela ya kontena inazidi urefu huo na inahitaji njia iliyokubaliwa. Kwenye barabara ya mita 4 haikati kona. Peleka spea kwa loli ndogo hadi yadi ya kupakia karibu na bandari.

---

Kitalu_B

Nimeelewa. Swali la mwisho: tuanze dirisha gani, na tusaini lini?

---

Dada_Mizani

Kwanza ofisi ya usajili wa ardhi, homukyoku: chukueni daftari la kiwanja, daftari la jengo na ramani ya vipande, kozu. Anwani ya posta haitoshi. Madirisha mengine yatawauliza chiban, namba ya kipande. Kisha toshi keikaku-ka kwa eneo na mpango wa mtaa, halafu idara ya majengo kwa barabara, kensazumi-sho na matumizi. Hapo mpeleke mchoro wa sakafu wenye vipimo, sehemu ya kazi ikiwa imepakwa rangi tofauti na ofisi na stoo, maana bila mchoro mtajibiwa kwa jumla tu. Andikeni tarehe, idara na jibu. Baada ya hapo idara ya mazingira kama mtachinja magari, zimamoto, na polisi kwa kibali cha kuuza vitu vilivyotumika, ada yake yeni 19,000. Mkitengeneza magari ya wateja kwa kufungua mifumo mikuu kama breki na injini, kuna pia uthibitisho wa ofisi ya usafirishaji, na huko watauliza kama jengo linafuata sheria ya eneo.

Mkataba msaini mwisho. Kwenye kipengele cha shiyo mokuteki, matumizi ya mahali, iandikwe "gereji ya kutengeneza magari, ofisi na makazi". Wakiandika "stoo" kwa urahisi, mwenye nyumba ana sababu ya kuwatoa siku lifti ya kwanza inapofungwa. Dalali akidai amana ya kushika nafasi wakati mnazunguka madirisha, andikeni kwamba inarudi yote endapo idara ya majengo itakataa matumizi hayo.